Kabla ya Uchungu: Historia ya Kliniki ya Wajawazito

Mwaka 1821, mjini Paris, daktari Lejumeau de Kergaradec alimlaza mama aliyekuwa karibu kujifungua, akamwekea tumboni kifaa kigeni kabisa kwa wakati ule. Kilikuwa stethoskopu, kilichobuniwa na René Laennec miaka 5 tu nyuma kwa ajili ya kusikiliza mapafu na moyo wa mgonjwa. Kergaradec hakuwa akitafuta moyo. Alitaka kujua kama angeyasikia maji ya uzazi yakitikisika mtoto anapojigeuza. Alichosikia ni mdundo wa haraka haraka, kama wa saa ya mfukoni. Akauhesabu, akapata mapigo 143 hadi 148 kwa dakika. Alipoushika mkono wa mama, mapigo yake yalikuwa yakienda polepole zaidi. Mdundo ule, basi, haukuwa wa mama.

Miaka mitatu kabla yake, François Mayor wa Geneva alikuwa ameusikia mdundo huohuo kwa sikio tupu, ila hakuendelea nao. Kergaradec ndiye aliyeuliza maswali. Je, tukiusikia tutajua kwa hakika kwamba mtoto yu hai? Tutajua kama ni mapacha? Tutajua amelalaje? Mkunga wa zahanati leo anapompima mama, bado anayajibu maswali hayo matatu.

Si kwamba kabla ya hapo tumbo la mjamzito lilikuwa fumbo tupu. Wakunga wa jadi, wa pwani na wa bara, walilisoma kwa viganja. Walijua kichwa kiko upande gani, walijua mtoto aliyekaa kwa kukingama, na wengine walijua kumgeuza. Lakini mkunga aliitwa penye uchungu au penye maumivu. Daktari naye, huko Ulaya, aliitwa penye maumivu makubwa zaidi, mara nyingi mkunga aliposhindwa. Kumpima mama ambaye haumwi popote, anayelima na kuteka maji kama kawaida, lilikuwa wazo lisilo na kituo wala mhudumu wake. Historia ya kliniki ya wajawazito ni historia ya wazo hilo: jinsi lilivyopata vifaa, likapata imani kubwa kupita nguvu zake, na likaja kujua mipaka yake kwa gharama ya maisha ya wengi.

Vifaa vilikuja kimoja kimoja, na kila kimoja kina asili yake. Mwaka 1843, katika hospitali ya Guy's mjini London, John Lever aliuchemsha mkojo wa akina mama waliopatwa na kifafa cha mimba. Mkojo ulio salama ukichemshwa hubaki maji. Wa akina mama wale uliganda ukawa mweupe, kwa kuwa ulikuwa umejaa protini. Madaktari wakaanza kuelewa kwamba ugonjwa ule uliowaangusha wanawake ghafla, macho yakapinduka na ulimi ukaumwa, ulikuwa umepiga hodi siku nyingi kabla ya kuingia. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Turin akabuni mkanda wa mkononi wa kupimia presha, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha jinsi ya kuisikiliza presha hiyo kwa stethoskopu. Mwaka 1906 August Wassermann na wenzake wa Berlin wakapata kipimo cha damu cha kaswende. Mkojo, presha na damu vilikuwa vimekamilika miongo kadhaa kabla ya bibi zetu kusikia neno kliniki.

Cha nne ni pembe ya Pinard, nami nitakaa nayo kidogo kwa sababu ni ya karibu mno na sisi. Adolphe Pinard, profesa wa uzazi wa Paris, aliitengeneza mwaka 1895. Ni bomba fupi la mti, siku hizi mara nyingine la alumini au plastiki, pana upande mmoja na bapa upande wa pili. Haina betri wala kioo, na haivunjiki ikianguka sakafuni. Mkunga anayeijua kazi yake humpapasa mama kwa viganja vyote viwili mpaka aupate mgongo wa mtoto, kwani moyo husikika vizuri zaidi upande huo. Huweka mdomo mpana juu ya ngozi, sikio kwenye upande bapa, kisha huiachia kabisa, maana kidole kikiigusa husikika mkwaruzo tu. Mkono mmoja hubaki umeshika mshipa wa mama, ili asije akayahesabu mapigo ya mama akidhani ni ya mtoto. Jicho liko kwenye saa. Mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ni heri. Mashine nyingi zimepita katika zahanati zetu zikaharibika na kutupwa stoo, na pembe hii imebaki mezani.

Wazo lenyewe la kliniki lilipata mtetezi wake Edinburgh. John William Ballantyne alikuwa daktari aliyeyachunguza maumbile ya watoto waliozaliwa wafu au wenye kasoro. Kadiri alivyowachunguza waliokwisha kufa ndivyo alivyoona kwamba daktari anafika amechelewa miezi. Mwaka 1901 aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza akiomba ijengwe hospitali ya wajawazito, mahali pa kuwatunza wanawake kabla ya uchungu. Hospitali hakupewa. Alipewa kitanda kimoja, kwa fedha za mfadhili, katika hospitali ya uzazi ya mji ule. Mwaka huohuo, huko Boston, Marekani, wauguzi wa mitaani walianza kuwatembelea wajawazito majumbani. Kutoka kwenye kitanda cha Edinburgh na milango ya Boston huduma ikaenea. Edinburgh yenyewe ilipata kliniki yake mwaka 1915, na mwaka 1918 serikali ya Uingereza ikaibeba kazi hiyo kwa sheria.

Kisha ukaja waraka wa mwaka 1929 wa Wizara ya Afya ya Uingereza. Ulipanga mahudhurio hivi: mama aonwe wiki ya 16, ya 24 na ya 28, baada ya hapo kila wiki mbili hadi wiki ya 36, kisha kila wiki hadi ajifungue. Hakukuwa na utafiti uliowahi kulinganisha ratiba hiyo na nyingine. Ilikuwa busara ya ofisini, yenye nia njema, na ikawa kanuni ya nusu ya dunia. Makoloni yaliirithi pamoja na mizani na madaftari. Bibi aliyeambiwa na muuguzi wa miaka ya 1960 arudi kila mwezi, halafu kila baada ya wiki mbili, halafu kila wiki, alikuwa akiufuata waraka wa London ambao hakuwahi kuuona.

Je, vifo vilipungua? Swali hili lingepaswa kuulizwa mapema, na jibu lake linauma. Mwaka 1934, wakati kliniki zilikuwa zimeenea England na Wales nzima, bado walikufa zaidi ya akina mama 40 kwa kila uzazi 10,000, kiwango kisichotofautiana sana na cha zama za Malkia Victoria. Akina mama walikuwa wamepimwa presha, mkojo na nyonga, wakaandikwa kwenye kadi, kisha wakafa kwa homa ya uzazi na kwa kutokwa damu. Vifo vilianza kushuka kwa kasi miaka michache baadaye, mwaka 1936 Leonard Colebrook alipoonyesha katika hospitali ya Queen Charlotte's kwamba dawa mpya za salfa zinaiponya homa ya uzazi. Zikafuata damu ya kuongezewa, penisilini, na upasuaji ulio salama zaidi. Kliniki ilikuwa imesimama kwa miaka 20 bila kitu cha kutosha nyuma yake. Hapo ndipo nionapo kiini cha historia hii yote: kipimo huona tu, na kinaokoa kulingana na kile kilichosimama nyuma ya yule anayepima.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa kaswende, na mlango huo haukuwa wa heshima. Albert Cook, daktari wa misheni ya Kianglikana, alianzisha hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Mkewe Katharine, muuguzi, aliiongoza wodi. Mwaka 1908 Kanali Lambkin wa jeshi la Uingereza, aliyetumwa kuchunguza, alitangaza kwamba kaswende imewaenea Waganda kwa kiasi cha kutisha na kwamba taifa lile liko hatarini kutoweka. Wataalamu wa baadaye walitilia shaka tangazo hilo. Inaelekea wengi waliohesabiwa walikuwa na buba au aina ya kaswende isiyoambukizwa kwa ngono, magonjwa yanayofanana kwa macho na hata kwa kipimo cha Wassermann. Lakini wakati ule hofu ilitosha. Wanaume kwa wanawake walilazimishwa kukaguliwa, na kwa mwanamke wa Kiganda kuvuliwa nguo mbele ya mgeni kwa amri ya serikali ilikuwa fedheha ambayo ukoo mzima uliihisi. Malalamiko yakawa makali.

Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Kliniki zetu za mwanzo zilizaliwa ndani ya mradi uliokuwa na shabaha yake, yaani kuongeza watu wa koloni, nguvu kazi na walipa kodi, na uliomtazama mama wa Kiafrika kama chombo kilichoharibika kwa mwenendo mbaya. Anayeshangaa kwa nini wanawake wengi walizikwepa kliniki kwa kizazi kizima na atazame hapo kwanza.

Na bado, ndani ya mradi huohuo kilizaliwa kitu chema. Katharine Cook alisimamia shule ya wakunga iliyofunguliwa Mengo mwaka 1921 kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana wa Kiganda walijifunza pale kupima, kupapasa, kusikiliza na kuzalisha, wakiwa na kitabu cha ukunga kilichoandikwa kwa Kiganda na mume na mke hao, Amagezi Agokuzalisa. Walipohitimu walipelekwa kwenye vituo vya uzazi vijijini, na huko mjamzito akapimwa na binti wa lugha yake. Naamini badiliko hilo lilikuwa na uzito kuliko jengo lolote. Nairobi nayo ilipata mwaka 1926 nyumba ya uzazi iliyoitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa Kenya, ambayo leo ni hospitali ya Pumwani. Tanganyika kazi hii ilibebwa zaidi na misheni, kwa uchache wa watu na vifaa.

Huko Ulaya na Marekani, vipimo viliendelea kuongezeka, na kimoja kilileta madhara. Tangu miaka ya 1930 madaktari walikuwa wakiwapiga wajawazito picha za eksirei kupima nyonga zao, wakitafuta kujua mapema nani atashindwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Mwaka 1956 Alice Stewart wa Oxford alitoa matokeo yake ya kwanza, na mwaka 1958 akayathibitisha kwa ukubwa zaidi: watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walipata saratani utotoni mara mbili ya wengine. Alikuwa amewahoji mama zao, waliofiwa na waliojaliwa, kwa dodoso la kawaida kabisa. Ilichukua miaka mingi kabla ya wakubwa wa taaluma kumkubali, na muda wote huo picha ziliendelea kupigwa.

Mwaka uleule wa 1958 Ian Donald wa Glasgow, pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha picha za tumbo zilizochukuliwa kwa mawimbi ya sauti. Donald alikuwa amekwenda kwenye kiwanda cha boila huko Renfrew, akiwa na vivimbe alivyovikata kwa wagonjwa ndani ya buti la gari, ili avijaribu kwa mashine iliyotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Sauti ilirudi tofauti kutoka kwenye uvimbe wa maji na tofauti kutoka kwenye uvimbe wa nyama. Ndivyo ultrasaundi ilivyoingia katika uzazi. Kwa mara ya kwanza umri wa mimba ungejulikana bila kumtegemea mama akumbuke hedhi yake ya mwisho, na kondo lililokaa vibaya likaonekana kabla halijaanza kuvuja damu.

Sasa turudi kwetu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania ilijielekeza vijijini. Zahanati na vituo vya afya vikajengwa kwa kasi, na mwaka 1974 huduma za mama na mtoto zikaunganishwa kuwa mpango wa taifa. Wahudumu wa afya ya mama na mtoto wakafundishwa mikoani. Watoto walipimwa uzito kwenye mizani ya kuning'inia, na palepale mama zao wenye mimba nyingine wakapimwa matumbo. Sindano ya pepopunda, vidonge vya damu na dawa ya malaria vikatolewa bila malipo. Mahudhurio yakapanda mno. Ni nchi chache maskini zilizofikia kiwango kile cha wajawazito kufika kliniki walau mara moja, na ni haki kuwakumbuka wahudumu wale, wengi wao wakiwa na elimu ya msingi na mafunzo mafupi, waliotembea kwa baiskeli na miguu kuyafanya hayo.

Kazi yao kubwa waliyofundishwa ilikuwa kuchambua. Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1970 lilieneza mtindo wa kutafuta wenye hatari: mpime kila mama, mtambue mwenye dalili za hatari, huyo mpeleke hospitali, wengine wazalie karibu na nyumbani. Kadi ya kliniki ikajaa vigezo. Kimo chini ya sentimita 150. Mimba ya kwanza kwa mwenye zaidi ya miaka 35. Mimba ya tano na kuendelea. Aliyewahi kupasuliwa. Aliyezaa mtoto mfu. Kwa nchi zenye madaktari wachache hoja ilionekana haina mwanya: hospitali haiwezi kuwapokea wote, basi na iwapokee wanaohitaji.

Jibu lilitoka Kasongo. Mji huo uko Maniema, mashariki mwa Kongo, mji wa Tippu Tip na Waswahili wake, ambako hadi leo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya wodini. Tangu mwaka 1971 kulikuwa na mradi wa afya uliosaidiwa na chuo cha tiba za kitropiki cha Antwerp, Ubelgiji. Timu ya Kasongo ilifanya jambo ambalo waraka wa 1929 haukulifanya: ilifuatilia. Iliwachukua wajawazito zaidi ya 3,000 waliopimwa kliniki kwa vigezo rahisi ambavyo mhudumu wa kijijini angeviweza, kisha ikatazama nini kilimpata kila mmoja siku ya uchungu. Walikuwa wakitafuta hasa uchungu pingamizi, ambao mtoto hukwama nyongani, mama akateseka siku mbili au tatu, mfuko wa uzazi ukapasuka, au akapona akiwa na fistula.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1984. Kati ya akina mama waliopatwa na uchungu pingamizi, 71% hawakuwa wametambuliwa kuwa na hatari yoyote. Na kati ya waliotambuliwa kuwa wenye hatari, 90% walijifungua bila tatizo hilo. Hebu tuyaweke matokeo haya katika maisha ya kijiji. Mama 9 kati ya kila 10 walioambiwa waache mashamba na watoto waende kungoja mjini walizaa salama, wakarudi wakisema kliniki haijui kitu. Na mama 7 kati ya kila 10 waliokwama walikuwa wameambiwa, kwa muhuri na sahihi, kwamba mimba yao ni nzuri. Walibaki nyumbani kwa kuiamini kadi.

Kosa halikuwa la wahudumu wa Kasongo. Vigezo vyenyewe havikuwa na uwezo huo. Mwanamke mfupi mwenye mtoto mdogo hupita, mwanamke mrefu aliyekwisha kuzaa wawili hukwama kwa wa tatu aliyelala vibaya. Kutokwa damu baada ya kujifungua, muuaji mkubwa kuliko wote, humwangukia mama yeyote, na nusu saa kabla yake hakuna kipimo cha kliniki kitakachosema. Kila mimba ina hatari. Kwa hiyo kila mama anahitaji mkunga mwenye ujuzi siku ya uchungu, na nyuma ya mkunga huyo gari, damu, na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku.

Mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine wa Chuo Kikuu cha Columbia waliuliza katika jarida la Lancet mama yuko wapi katika huduma za mama na mtoto, kwani waliona fedha na juhudi zote zikimwendea mtoto. Februari 1987 mkutano wa kimataifa wa uzazi salama ukafanyika Nairobi. Dunia ikaambiwa waziwazi kwamba wanawake wapatao nusu milioni wanakufa kila mwaka kwa sababu ya uzazi. Mahmoud Fathalla, daktari wa Misri, ndiye aliyekisimulia kisa cha Bi X, kilichoenezwa baadaye kwa filamu. Mama huyo alifia hospitalini kwa kondo lililotangulia. Alikuwa ametokwa damu kidogo mara mbili mwezi uleule bila kutibiwa, akafikishwa hospitali kwa shida, akakuta damu haitoshi na upasuaji umechelewa. Fathalla alirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka wodini hadi barabarani, hadi kijijini, hadi kwenye umaskini na elimu aliyonyimwa, akionyesha kila mahali ambapo mama yule angeweza kuokolewa.

Baada ya Kasongo na Nairobi walikuwako waliosema kliniki ya wajawazito imeshindwa, fedha zote ziende kwenye hospitali. Sikubaliani nao, na ushahidi ulitoka Mwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwafuatilia wajawazito wa mkoa ule kuhusu kaswende. Kati ya wenye kaswende kali ambao hawakuwa wamepimwa wala kutibiwa, mmoja kati ya wanne alizaa mtoto mfu. Yapata nusu ya vifo vyote vya watoto tumboni katika kundi la wasiopimwa ilitokana na ugonjwa huo. Lakini waliopimwa kliniki na kuchomwa sindano moja tu ya penisilini ya benzathine walipata watoto kama wenzao wasio na ugonjwa. Kipimo hiki hakikubashiri lolote. Kilikuta ugonjwa uliokuwepo tayari mwilini, wenye dawa inayojulikana, na dawa ilikuwa chumba cha pili. Presha, upungufu wa damu, malaria na kaswende ni za kundi hilo, na hapo kliniki ina nguvu kuliko hospitali yoyote, kwa sababu inamkuta mama mapema.

Ndivyo ilivyokuja kuwa hata kwa Virusi vya UKIMWI. Mwaka 1994 ilijulikana kwamba dawa ya AZT hupunguza maambukizi ya mama kwa mtoto, lakini kwa gharama na ratiba ambazo Afrika isingeziweza. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, kati ya 1997 na 1999, madaktari wa Uganda na Marekani walijaribu kitu rahisi zaidi: kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama uchungu ukianza, na matone kwa mtoto ndani ya saa 72. Watoto walipofikisha wiki 14 hadi 16, walioambukizwa walikuwa 13% hivi, ikilinganishwa na 25% kwa waliopewa AZT ya muda mfupi. Kliniki ya wajawazito ghafla ikawa mlango mkuu wa vita dhidi ya UKIMWI. Mwaka 2011 Malawi ikaanza kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha, bila kungoja hesabu ya kinga, na Tanzania ikafuata mwaka 2013.

Mambo magumu yalikuja nayo. Wanawake wengi walijua hali zao kabla ya waume, wakarudi nyumbani na habari ambayo wao ndio waliolaumiwa kwayo. Kuna waliopigwa, kuna waliofukuzwa. Serikali zikawaita waume kliniki wapimwe pamoja na wake zao, jambo jema, lakini mahali pengine likageuka sharti, na mama asiye na mume wa kumleta akarudishwa mlangoni au akalazimika kutafuta barua ya mtendaji. Kumpima mama kwa hiari yake ni deni tuliloachiwa tangu Mengo, na bado hatujalilipa lote.

Kuhusu ratiba, hatimaye utafiti ukafanyika. Harare mwaka 1996, kisha Argentina, Cuba, Saudi Arabia na Thailand kwa wanawake zaidi ya 24,000, ilionekana kwamba mahudhurio machache yenye kazi maalum hayawazidishii mama madhara kuliko yale mengi ya 1929. Mahudhurio manne yakawa kanuni kuanzia mwaka 2002, Tanzania na Kenya zikiwamo. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu zilezile ukaonyesha kwamba watoto waliofia tumboni kati ya wiki ya 32 na 36 walikuwa wengi zaidi kwenye kundi la mahudhurio machache, katika kipindi ambacho mama haonwi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likayapandisha hadi manane, la kwanza kabla ya wiki 12, pamoja na ultrasaundi moja kabla ya wiki 24.

Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta 98% ya wajawazito wamehudhuria kliniki walau mara moja. Utafiti huohuo ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Hapo somo la Kasongo linasomeka bila mwalimu. Utafiti wa 2022 ulikadiria 104, baada ya miaka ambayo vituo vya afya vingi vilipewa vyumba vya upasuaji na uzazi wa kituoni ukaongezeka sana. Kukadiria vifo vya uzazi ni kazi ngumu na kila namba ina upana wake, lakini mwelekeo ni wa kushukuru.

Lililobaki lionekane kwenye kaswende, ugonjwa uliotufungulia mlango. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo kimoja cha VVU na kaswende kwa pamoja: tone la damu ya kidoleni, na jibu kabla mama hajaondoka kwenye benchi. Lakini penisilini ya benzathine ni dawa ya zamani, haina faida kubwa kibiashara, na viwanda vinavyotengeneza malighafi yake vimebaki vichache mno duniani. Kati ya 2014 na 2016, nchi 39 kati ya 95 zilizoulizwa ziliripoti kuwa na uhaba wake. Hakuna dawa nyingine iliyothibitika kumtibu mtoto akiwa tumboni. Dozi yake kwa kaswende ya mwanzo ni uniti milioni 2.4 katika sindano moja ya msuli, na siku ya kuichoma ni ileile ya kupimwa.